Ithibati za idara za afya: maswali yenu, na wale wa "leseni" leo nawajibu kwa mara ya mwisho

Wiki hii imeili zote ni ithibati, yaani uthibitisho kutoka nje kwamba idara inafikia viwango vya kazi yake, nahisi ni kwa sababu idara za afya za kaunti huku Marekani zinabandika ile beji ya ithibati mlangoni na watu wakienda kuchanjwa wanaiona wanabaki kujiuliza. Mimi nilikaa miaka minne kwenye idara moja ya kaunti hapa Ohio namsaidia mratibu wa ithibati, kazi yenyewe ilikuwa kutafuta karatasi asubuhi mpaka jioni, kwa hiyo nina ya kusema hata ambayo hamjaniuliza.

Dada, kaunti yetu imepata ithibati ya PHAB. Kumbe siku zote walikuwa wanafanya kazi bila leseni? (Columbus)

Sio leseni. Mwezi uliopita nilisema sio leseni, na mwezi wa nyuma yake pia. Idara ya afya ipo kwa sheria ya jimbo, iwe na ithibati isiwe nayo itakagua migahawa na itafuatilia kifua kikuu. PHAB (Public Health Accreditation Board), wanaotoa hiyo ithibati, wenyewe hata sio serikali, ni shirika lisilo la faida lililoanzishwa 2007, ofisi zao ziko Alexandria, Virginia. Mpango wao ulifunguliwa 2011 na idara 11 za kwanza zikapata ithibati Februari 2013. Tuendelee.

Ni kitu kimoja na zile nyota wanazopewa zahanati Tanzania? (Mwanza)

Kwa mbali. Zile nyota, sifuri mpaka tano, ni Wizara inakuja kuangalia kituo kinachotibu watu. PHAB matibabu hawayagusi. Idara ikipeleka faili la kliniki yake ya meno kama ushahidi, hata kliniki iwe inang'aa vipi, halipiti, wanachotaka kuona ni kazi ya watu wote kwa pamoja, yaani mlipuko ukitokea nani anapigiwa simu, takwimu zinakusanywaje, dharura imepangwaje.

Wanasema ni hiari. Mbona Ohio kila idara inaihangaikia? (Akron)

Hapa ndipo nilipokuwa napasubiri. Hiari ya hii kitu ni hiari ya mchango wa harusi, kadi unaletewa kwa tabasamu, hulazimishwi kabisa, ila jaribu kutochanga uone. Kitaifa ndio, hakuna anayekushika mkono. Lakini Ohio mwaka 2013 walitunga sheria: idara iombe ithibati kabla ya Julai 1, 2018 na iwe imeshaipata Julai 1, 2020, la sivyo hela zinazopitia idara ya afya ya jimbo zinaweza kukatwa. Sasa Ohio ina kaunti 88 lakini idara za afya zilikuwa zaidi ya mia, kwa sababu kuna miji ina ya kwake, na nyingine ni ofisi ya watu wanane tu, nesi mmoja, yuleyule anayechanja watoto asubuhi ndio mchana anakaa kuandika mpango mkakati, na ada ya kuomba inapangwa kwa idadi ya watu mnaowahudumia kwa hiyo kaunti ndogo inalipa kidogo lakini hiyo kidogo kwao ni mshahara wa mtu. Na angalia hiyo tarehe tena, Julai 2020! Watu wamezidiwa na Covid, wanapiga simu za wagonjwa mpaka saa nne usiku. PHAB waliongeza muda, nawapa haki yao.

Sisemi ithibati ni mbaya. North Carolina wana mfumo wao wa jimbo, uko kwenye sheria, na wanauita lazima bila kuona haya. Hicho ndicho ninachotaka. Ukinilazimisha niambie umenilazimisha, alafu uniletee na hela ya kuajiri mtu.

Wakaguzi wanaangalia nini hasa? (msomaji aliyeajiriwa juzi, hakutaja alipo)

Tarehe.

Natania kidogo tu. Kila kipengele unakitolea ushahidi wa maandishi, na kila karatasi iwe na tarehe na ionyeshe ni ya idara yenu. Rasimu haipokelewi. Sisi tulikuwa na utaratibu wa kuwaita wafanyakazi usiku kukiwa na dharura, umebandikwa ukutani karibu na mashine ya kahawa mpaka kingo zimegeuka njano, kila mtu anaujua kwa moyo. Hauna tarehe, hauna nembo, haukuhesabika. Alafu kuna karatasi ya mahudhurio ya mkutano uliofanyika kwenye chumba cha chini cha kanisa, majina yameandikwa kwa penseli, ina duara la kikombe cha chai katikati, lakini juu kuna nembo na tarehe, hiyo ndio iliyookoa kipengele kizima. Niliiskani mara tatu kwa sababu mikono ilikuwa inatetemeka.

Nyaraka zikishaangaliwa wanakuja wakaguzi, ambao ni watu wa idara za kwingine wanaojitolea, wanakaa na nyie wanauliza. Wanajua kazi, usiwadanganye. Na nakuomba usichukue mpango wa kaunti jirani ukabadilisha jina, sisi tulifanya hivyo na jina la wenyewe likabaki ukurasa wa tisa.

Ukipata ni miaka mitano, na kila mwaka unatuma ripoti.

Kaunti ina ithibati, kwa hiyo maji ya bomba tunywe bila wasiwasi? (Detroit)

Hapana!! Na wewe uko Michigan unaniuliza hilo? Jimbo lenu limekuwa na ithibati yake kwa idara za afya za kaunti tangu 1998, miaka mingi kabla PHAB hawajazaliwa, na bado 2014 maji ya bomba ya mji wa Flint, hukohuko Michigan, yakaanza kuingia madini ya risasi. Sisemi kaunti ndio iliyobadilisha chanzo cha maji, mji ulikuwa chini ya meneja aliyewekwa na gavana, na dawa ya kuzuia kutu haikuwekwa. Lakini ona, mtu anaweza kuwa na makabati yamejaa sera zenye tarehe na watoto wakanywa madini ya risasi.

Shikamoo dada. Naomba unitumie viwango vyote vya PHAB, nina asaimenti Ijumaa. (mwanafunzi, Dar)

Marahaba. Viko bure kwenye tovuti yao, toleo la 2022, sehemu kumi zinazofuata huduma 10 za msingi za afya ya jamii. Leo Jumatano, anza kusoma.

Dada, sisi Wakongomani wa Dayton haya mambo ya beji yanatuhusu nini? (Dayton)

Yanakuhusu kuliko wote walioandika wiki hii. Idara inayotaka ithibati lazima ifanye tathmini ya afya ya jamii na mpango wa kuiboresha, na lazima ionyeshe jamii yenyewe ilishirikishwa. Pia inatakiwa itoe taarifa kwa namna na lugha ambayo watu wa hapo wanaelewa. Kwa hiyo wanahitaji majina yenu kwenye ile karatasi ya mahudhurio, mnasikia? Nendeni mkaseme, na mkisema subirini iandikwe.

Kuna mama kwenye kaunti moja aliletewa barua kwamba damu ya mwanae ina madini ya risasi zaidi ya mikrogramu 3.5 kwa desilita, kiwango cha kuanza kumfuatilia mtoto. Kwa Kiingereza. Akaiweka droo moja na bili za umeme akingoja mtoto mkubwa arudi toka kambi ya shule amsomee. Wiki tatu. Nilipoiona ilikuwa imekunjwa vizuri kabisa, mara nne.

Idara inayopokea hela ya serikali kuu inadaiwa mkalimani bure, hilo linatokana na sheria ya haki za kiraia ya 1964, na halina uhusiano wowote na beji. Na mtoto msimfanye mkalimani, narudia, hata kama anajua Kiingereza kuliko daktari.

Idara yetu haikupita. Inafungwa? (Columbus, tena)

Haifungwi. Wanapewa mapengo ya kurekebisha na muda wa kuyarekebisha. Miadi yako ya chanjo Jumatatu iko palepale, nenda na kadi ya mtoto.