IRS wameipokea fomu yangu: je, kampuni yangu ni ya aina S kweli?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Naishi Houston kwa grini kadi. Mwaka 2023 nilifungua kampuni ya malori, nikaiandikisha Delaware. Mimi nina asilimia 70 ya hisa. Mdogo wangu, anayeishi Dar es Salaam, ana asilimia 30 kwa kuwa alichangia mtaji. Yeye pia ndiye anayewapangia madereva mizigo na safari, akiwa hukohuko Dar, na kampuni humlipa kila mwezi. Jamaa mmoja wa kwenye grupu la WhatsApp alitujazia fomu ya kuwa kampuni ya aina S ili kampuni isilipe kodi ya mapato, bali kila mwenye hisa alipie fungu lake la faida, na IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, wakatuletea barua ya kukubali. Mwaka 2024 tulipata faida ya dola 80,000. Juzi tumeomba mkopo wa lori la pili, afisa wa benki akasema umiliki wetu una kasoro. Jamaa anasema tusihangaike, IRS walishakubali, na kwamba ninunue gari kubwa kabla ya Desemba kwisha ili tufute faida ya mwaka huu. Nimsikilize nani? — Msomaji, Houston

JIBU: Msikilize afisa wa benki, ndugu yangu. Kampuni yenu haijawahi kuwa ya aina S hata siku moja. Sheria ya kodi ya serikali kuu ya Marekani inataka kila mwanahisa wa kampuni ya aina hiyo awe raia au mkazi wa Marekani kikodi. Wewe mwenye grini kadi umo. Mdogo wako aliye Dar hayumo, na haijalishi kama ana asilimia 30 au hisa moja. Kwa kuwa alikuwa mwanahisa siku ile ile mlipojaza Fomu 2553, ile ya kuchagua aina S, uchaguzi wenu ulikuwa batili tangu mwanzo. Mbele ya sheria mmekuwa kampuni ya aina C muda wote huu, yaani kampuni inayolipa kodi yake yenyewe.

Najua utaniuliza: mbona barua ilikuja? Hapo ndipo ninapotaka kukaa, kwa sababu swali hilo naletewa na watu wengi kuliko swali lolote la kodi za kampuni, na kila mara anakuwapo mtu pembeni aliyewahakikishia kwamba barua ile imemaliza kazi.

Barua mliyopata, ambayo IRS huiita CP261, inasema kwamba fomu yenu imepokelewa na uchaguzi wenu umeingizwa kwenye mitambo yao kuanzia tarehe fulani. Basi. Hakuna ofisa aliyekaa na daftari la wanahisa wenu akamhoji kila mmoja anaishi wapi. Kodi ya Marekani inaendeshwa kwa tamko la mlipakodi mwenyewe: unasema, wanapokea, na haki ya kukukagua wanabaki nayo. Kwa kawaida wana miaka 3 tangu uwasilishe ritani, yaani fomu ya kutangaza mapato na kodi ya mwaka, na zaidi ya hapo kama umeficha sehemu kubwa ya mapato. Fomu 2553 ina safu ya namba ya kodi ya kila mwanahisa, na kila mwanahisa anatia sahihi kwamba anaridhia. Nina hakika safu ya mdogo wako iliachwa wazi au ikajazwa sifuri, maana namba hiyo hana. Mtu anayejua kazi angesimama hapo hapo akauliza. Kishoka hasimami, kwa sababu malipo yake anayapata siku fomu inapoondoka, na siku ya ukaguzi hayupo.

Ukiendesha lori kutoka Houston hadi Dallas bila kusimamishwa na askari, hiyo haikupi leseni ya udereva. Ritani kupokelewa ni hivyo hivyo, na hata kurudishiwa pesa ni hivyo hivyo.

Sasa hesabu zenu. Tangu mwaka wa kodi 2018 kampuni ya aina C hulipa asilimia 21 ya faida, iwe faida ni dola elfu kumi au bilioni kumi. Kwa dola 80,000 za mwaka 2024, kampuni ilipaswa kuwasilisha Fomu 1120, ritani ya kampuni ya aina C, na kulipa dola 16,800 ifikapo 15 Aprili 2025. Kuongezewa muda hadi Oktoba ni muda wa kuwasilisha karatasi tu, kodi yenyewe haina nyongeza. Zinabaki dola 63,200. Mkiziacha ndani ya kampuni, kwa kodi ya mapato ya serikali kuu hadithi ya mwaka ule inaishia hapo. Mkizigawa kama gawio, fungu la mdogo wako ni dola 18,960, na hapo kampuni inatakiwa kukata kodi ya zuio ya asilimia 30, dola 5,688, na kuipeleka IRS kwa Fomu 1042. Nchi zenye mkataba wa kodi na Marekani hupata nafuu kwenye kiwango hicho. Tanzania haina mkataba huo, Kenya pia haina, kwa hiyo asilimia 30 inakatwa nzima. Kama tayari mliwahi kugawana pesa na hamkukata, anayedaiwa ni kampuni iliyolipa.

Malipo ya kila mwezi ni jambo tofauti, usiyachanganye na gawio. Kazi anaifanyia Dar, kwa hiyo malipo yake hayahesabiwi kuwa mapato yenye chanzo cha Marekani na hayakatwi ile asilimia 30. Ajaze Fomu W-8BEN, ya kutamka kwamba si mkazi wa Marekani, muihifadhi, na kiwango kilingane na kazi anayoifanya kweli. Kwa kampuni hayo ni matumizi halali yanayopunguza faida. Kodi anayodaiwa nyumbani ni kati yake na TRA.

Lakini malipo hayo hayo yana mzigo ambao sidhani jamaa yenu amewahi kuusikia. Kampuni ya Marekani ambayo mtu asiye mkazi anamiliki asilimia 25 au zaidi ya hisa zake, ikifanya naye miamala kama kumlipa kazi, kumkopesha au kukopa kwake, inatakiwa kuambatisha Fomu 5472 kila mwaka. Fomu hiyo haina kodi ndani yake, ni taarifa tu. Faini ya kutoiwasilisha ni dola 25,000 kwa kila mwaka. Dola elfu ishirini na tano kwa karatasi ya taarifa! Zaidi ya hapo, isipowasilishwa, ile saa ya miaka 3 haianzi kuhesabu kwa mambo yanayohusu miamala hiyo. Nimeona kampuni ndogo, za watu waaminifu waliolipa kila senti ya kodi, zikiyumba kwa fomu hii peke yake. Kwenu kuna 2023 na 2024 tayari. Hii ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko zile dola 16,800.

Kuhusu gari kubwa nitasema machache. Ni kweli sheria inaruhusu gari zito, la zaidi ya ratili 6,000, lipunguzwe kwenye faida kwa haraka, endapo matumizi yake ya biashara yanazidi nusu na una kumbukumbu za safari kuthibitisha. Ila kwa kiwango cha asilimia 21, gari la dola 60,000 likikubaliwa lote linakuokolea dola 12,600. Dola 47,400 zilizobaki zimetoka mfukoni mwa kampuni na hazirudi. Kama biashara inalihitaji gari, nunua. Kama hailihitaji, umetoa dola moja ili usitoe senti 21. Na likigeuka la kupeleka watoto shule, IRS wanaweza kulihesabu kuwa gawio ulilojipa kimyakimya, ambalo kampuni haiwezi kulitoa kwenye faida na wewe unalitozwa kodi.

Nini kifanyike? Kuna njia ya kuiomba IRS iutambue uchaguzi uliobatilika kwa bahati mbaya, lakini ada yake ni maelfu ya dola kabla hujamlipa wakili, na mdogo wako lazima aache hisa. Kwa faida ya dola 80,000 sioni kama inafaa. Njia ya pili ni kukubali kwamba mko aina C, kuwasilisha Fomu 1120 za miaka iliyopita pamoja na 5472 zake, na kulipa kabla hawajawatafuta ninyi. Faini ya kuchelewa kuwasilisha peke yake inaweza kufika asilimia 25 ya kodi isiyolipwa, riba iko pembeni. Anayejitokeza mwenyewe ana hoja ya kuomba asamehewe faini, na aliyekamatwa hoja hiyo inamponyoka. Kwa siku za mbele, mtaji wa mdogo wako ungeweza kuwa mkopo wa kweli, wenye hati, riba na tarehe ya kurudishwa. Au mngekuwa LLC, kampuni yenye dhima ya kikomo, yenye wabia wawili, ambamo yeye anaruhusiwa kabisa, ingawa fungu lake la faida hukatwa zuio la asilimia 37 kwanza, kisha anajaza ritani yake ya Marekani kuonyesha anachodaiwa hasa. Hayo mpange na mhasibu akiwa na vitabu vyenu mezani. Delaware, kwa taarifa yako, haikuongeza wala kupunguza chochote katika haya yote. IRS haijali jimbo ulipoandikisha.

Usitegemee kumtupia lawama jamaa wa WhatsApp. Mwaka 1985 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya Boyle, msimamizi wa mirathi ya mama yake, ambaye ritani ya mirathi ilichelewa miezi 3 kwa uzembe wa wakili wake. Mahakama ilisema kumwachia mtu mwingine kazi ya kuwasilisha kwa wakati si sababu ya kuondolewa faini. Aliyefuata ushauri mbaya wa mtaalamu mwenye sifa, baada ya kumweleza kila kitu, anaweza kusikilizwa. Aliyefuata ushauri wa sauti iliyorekodiwa kwenye simu hana pa kushika.

Na hili si lenu peke yenu. Angalia yaliyotokea kwenye nafuu ya kodi ya waajiri ya wakati wa korona. Vishoka walizunguka wakiwaambia wenye migahawa, makanisa na kampuni za usafi kwamba kila mtu anastahili, wakachukua asilimia ya kila malipo yaliyotoka. Watu walipata hundi za serikali, wakaamini hundi ni uthibitisho. Tarehe 14 Septemba 2023 IRS wakasimamisha kushughulikia maombi mapya, kisha wakafungua dirisha la watu kurudisha kwa hiari asilimia 80 ya walichopokea. Asilimia ya kishoka hairudishwi na mtu.

Kwa hiyo kabla hujampa mtu karatasi za kampuni, mwambie aweke jina lake, sahihi yake na namba yake ya PTIN, ile ambayo IRS humpa mwandaaji wa ritani, kwenye ritani. Sheria inamlazimu kila anayelipwa kuandaa ritani kufanya hivyo. Anayekuambia utie sahihi peke yako kana kwamba umejaza mwenyewe, mkimbie. PTIN pekee haitoshi, maana yeyote huipata kwa kulipa ada. Uliza kama ni CPA, yaani mhasibu mwenye leseni, wakili, au wakala aliyefaulu mitihani ya IRS, kisha hakikisha jina lake kwenye orodha ambayo IRS wenyewe wameiweka wazi mtandaoni. Anayetoza kwa asilimia ya pesa utakazorudishiwa, au anayekujibu kabla hajauliza wanahisa ni akina nani na wanaishi wapi, hafai kugusa kampuni.

Jambo la mwisho linahusu pesa zako mwenyewe. Kama kwenye ritani yako binafsi ulitangaza fungu lako la faida ya kampuni na ukalilipia kodi, ulilipa kodi ambayo si yako, na unaweza kuidai kwa Fomu 1040-X, ya kurekebisha ritani binafsi. Ila madai yana ukomo, kwa kawaida miaka 3 tangu ritani ilipowasilishwa. Ritani ya 2023 iliyowasilishwa kwa wakati inafungwa tarehe 15 Aprili 2027.