Kitambaa cha Sinia cha Kudarizi: Kitengeneze Kifuliwe

Ukifungua makabati ya Ngamiani au Makorora, hapa Tanga, utakuta vitambaa vilivyodariziwa kwa ufundi mkubwa vimelala ndani ya mifuko ya nailoni, vikisubiri wageni. Masika moja tu inatosha kuviharibu. Joto, unyevunyevu na mfuko uliofungwa hulea ukungu, na mikunjo iliyokaa mwaka mzima hutoka na mistari ya manjano ambayo sabuni haiitoi. Kitambaa kinachotumika, kikafuliwa na kuanikwa mara kwa mara, huishi zaidi kuliko kilichofungiwa kabatini. Kwa hiyo hapa tunaeleza mshono wa msalaba, ule wa eksi unaodariziwa kwa kuhesabu miraba, kwenye kitu cha kazi: kitambaa cha kufunikia sinia. Katika kila hatua jiulize kama unachofanya kitastahimili beseni la kufulia.

Kitambaa rahisi kuhesabu ni aida, pamba iliyofumwa kwa vijiraba vyenye tundu kila pembe. Namba yake ni idadi ya miraba ndani ya inchi moja. Kwa vitu vya nyumbani chukua namba 14. Namba 18 inapendeza kwenye picha ya ukutani, lakini kwenye sinia itakuchosha macho bure, maana mtu aliyekaa mkekani hataiona tofauti. Wapo wanaojifunzia kwenye gunia, na kwa kujifunzia si vibaya, ila hesabu kwanza nyuzi za kwenda na za kushuka. Mara nyingi hazilingani, na ua ulilolichora duara litatoka refu. Chandarua hakifai kabisa. Matundu yake mengi yana pembe sita, hakuna mraba wa kuhesabu.

Aida ni nzito na bei yake imechangamka, kwa hiyo usiitumie kitambaa kizima. Katikati weka marekani au pamba nyeupe ya mashuka, na aida iwe mkanda wa pindo. Kabla ya kukata chochote, mpe fundi cherehani aipige aida zigizaga pembeni isifumuke, kisha loweka aida na marekani kwenye maji ya moto, anika, piga pasi. Hatua hii ndiyo inayorukwa sana, na ndiyo inayoharibu kazi nyingi. Aida na marekani hazisinyai sawasawa. Ukiziunganisha zikiwa mbichi, ukafua mara ya kwanza, pindo hujikunja mawimbi na hakuna pasi itakayolinyoosha. Baada ya kukauka, weka futi na uhesabu miraba ndani ya sentimita 10. Aida 14 ambayo haijasinyaa ina miraba 55. Ukipata 57 au 58, hesabu zako zote zifuate hiyo.

Tuchukue sinia la upana wa sentimita 50. Kitambaa kilichokamilika kitakuwa sentimita 66 kila upande, yaani 8 za kuning'inia pande zote. Kata marekani ya katikati sentimita 53 kwa 53, ili 1.5 ya kila ukingo iingie kwenye mshono. Mikanda ya aida ni minne, kila mmoja upana wa 11: miwili ya urefu wa 53 na miwili ya 69. Mifupi inashonwa kwanza, mirefu inafuata na kubeba kona. Kata pia mikanda minne ya marekani ya vipimo hivyohivyo kwa ajili ya bitana ya nyuma. Bitana hii ina kazi kubwa, kwa sababu nyuma ya darizi ndiko vidole na kucha hunasa wakati wa kufua.

Kwa mchoro, khanga zimejaa nyumbani. Chukua korosho ya pindo na uihamishie kwenye daftari la hesabu lenye miraba, upana wa miraba 12 na urefu wa 18. Mraba uliofunikwa zaidi ya nusu utie rangi, uliofunikwa chini ya nusu uache. Mkunjo wa ncha ya korosho ndio unaosumbua. Ukiupa mraba mmoja mmoja wa kupanda ngazi unapoteza umbo, kwa hiyo ufanye miraba miwili kwenda na mmoja kupanda, kisha mmoja kwa mmoja karibu na ncha.

Sasa hesabu. Kati ya kona na kona kuna sentimita 50, yaani miraba 275. Korosho ya miraba 12 na nafasi ya 2 inachukua 14. Korosho 19 zitachukua miraba 264, kwa sababu ya mwisho haihitaji nafasi. Inabaki 11: weka 5 upande mmoja na 6 upande wa pili, jicho halitagundua. Tunasisitiza 19 kwa sababu ni namba witiri, hivyo korosho moja inakaa katikati kabisa ya mkanda. Anzia hiyo ya katikati, uende kulia, kisha kushoto. Anayeanzia konani hugundua kosa la mraba mmoja akiwa amefika kona ya pili, na hapo dawa ni kufumua.

Uzi wa kudarizi huuzwa kwa mafungu ya mita 8, na uzi mmoja una nyuzi sita ndogo zinazotengana. Kwenye aida 14 tumia nyuzi mbili. Tatu zinajaza tundu na kuufanya mkanda mgumu. Moja inaacha weupe uonekane. Fungu moja lihesabie mishono 1,500, ukiwa umeacha akiba ya vipande vinavyopotea. Korosho yenye mishono 110, ukizidisha kwa 76 za pande zote nne, ni mishono 8,360, kwa hiyo nunua mafungu sita kwa siku moja, kwenye duka moja. Rangi ya namba ileile iliyotiwa siku nyingine kiwandani inaweza kutofautiana kidogo, na tofauti hiyo hujitokeza katikati ya mkanda.

Nyekundu, nyeusi na buluu nzito zipime kabla. Lowesha kipande, kiweke kati ya kitambaa cheupe, pitisha pasi ya moto. Kikiacha alama, loweka fungu zima kwenye maji baridi, badilisha maji mpaka yawe meupe, kisha lianike kivulini.

Sindano iwe butu, namba 24. Kali inachoma nyuzi za aida badala ya kupita tunduni, na mstari unapinda. Osha mikono na uikaushe; mafuta ya nazi ya asubuhi yanatosha kuacha weusi kwenye kazi nyeupe. Kata unyuzi mmoja wa sentimita 90, ukunje katikati, tunga ncha mbili pamoja sindanoni. Toka chini, rudi chini, pitisha sindano kwenye kitanzi kilichobaki nyuma, vuta. Umeanza bila fundo. Fundo huvimba chini ya pasi na hufunguka kwa kusuguliwa.

Shona nusu za mstari mzima ukielekea kulia, zote zikiinama upande mmoja, kisha rudi ukizikata kwa nusu za pili. Mguu wa juu wa kila msalaba uelekee upande uleule kwenye mikanda yote minne. Huu ndio urembo wenyewe wa mshono huu. Ukigeuza hata misalaba kumi, mwanga unaipiga tofauti na inaonekana doa hata kama rangi ni moja. Usivute; uzi ulale tu. Tundu likianza kutanuka, umevuta. Kila baada ya mishono michache iache sindano ining'inie ijizungushe, kwa sababu uzi uliojisokota unakonda na kuonyesha kitambaa. Usiruke zaidi ya miraba minne kwa nyuma. Kumaliza, pitisha chini ya mishono mitano, geuza, rudi chini ya miwili, kata.

Fremu ya mviringo itoe kila unapoacha kazi. Kwa jasho na chumvi ya hewa yetu, skrubu yake hushika kutu, na duara la uchafu hujichora mahali ilipobana. Sindano nayo isilale imechomekwa kwenye kitambaa, kwa sababu hiyohiyo. Doa la kutu kwenye weupe mtupu hutoka kwa ndimu na chumvi juani. Rangi za uzi usiziguse na ndimu.

Kwenye kufua, maji ni muhimu kuliko sabuni. Maji ya kisima yenye chumvichumvi hayatoi povu na yanaacha utando unaofifisha weupe, kwa hiyo tumia ya bomba au ya mvua. Kamua kwa kubonyeza, usisokote. Kama rangi imechuja, usikiache kitambaa kikauke hata kidogo: maji baridi, badilisha, mpaka yatoke safi. Ikikauka na kupigwa pasi, imekaa.

Bizari itamwagika, hilo lichukulie kama limekwisha tokea. Ukipaka sabuni doa hugeuka jekundu, wengi hushtuka na kukimbilia dawa za klorini, ambazo zinaua rangi ya uzi. Huo wekundu ni tabia ya bizari ikikutana na sabuni. Suuza, kisha anika doa likitazama jua kali, na korosho zifunike kwa kitambaa kingine. Jua ndilo linalomaliza bizari; doa zito linaweza kudai siku mbili tatu. Hina nayo ni ngumu sana kutoka.

Pasi piga kwa nyuma, kitambaa kikiwa na unyevu, juu ya taulo lililokunjwa mara mbili ili mishono izame taulini isilale bapa. Kihifadhi kwa kukiviringisha, ndani ya mfuko wa pamba. Wanga usitie, mende wanaupenda.

Marekani ya katikati ndiyo itakayochakaa kwanza, mikanda ikiwa bado mizima. Ndiyo maana mshono wa kuunganisha upigwe kwa hatua ndefu kidogo, milimita 3, na uzi wa rangi inayoonekana upande wa nyuma: siku ya kubadilisha unaufumua bila kukata aida, unaloweka marekani mpya kwenye maji ya moto, unakata 53 kwa 53, unashona tena.