Maua ya ndani kwa chumba kisicho na jua

Chumba changu kiko chini kabisa ya ghorofa, Kariakoo, na dirisha lake la pekee linatazama ukuta wa jirani. Ukipitisha mpini wa fagio kwenye nondo za dirisha, unaugusa. Saa sita mchana nikitaka kuchagua mchele, nawasha taa. Nimeishi humo miaka minne na sasa nina maua saba, yote yana afya. Kabla ya hayo saba yalikufa mengine mikononi mwangu, na yote yalikufa kwa namna moja. Ndiyo maana naandika. Wenye vyumba kama changu huambiwa kwamba maua hayakai gizani, wakakata tamaa, kumbe mara nyingi kinachoua si giza. Ni maji.

La kwanza lilikuwa krotoni, lile lenye majani ya njano na mekundu linalopandwa sana kwenye nyua. Nililinunua kwa wauza miche wa Barabara ya Bagamoyo, linang'aa, nikaliweka juu ya kabati. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nalimwagia kikombe kimoja. Wiki ya pili majani ya chini yakaanza kupukutika. Nikaona lina kiu, nikaongeza kikombe cha jioni. Siku nilipolivuta lilitoka lote, halikushika hata kidogo. Mizizi ilikuwa ya kahawia. Nikiubana mmoja kwa vidole, ganda linachomoka kama soksi na kubaki uzi mwembamba. Udongo ulinuka kama mtaro.

Jirani yangu, mama wa Kisambaa aliyekulia Lushoto, alikuja kuangalia. Aliupima uzito wa ule udongo mkononi, akasema, "Mwanangu, hili halikufa kwa kiu. Limezama."

Kisha akanieleza jambo ambalo limebadilisha kila kitu ninachofanya na maua. Mmea hunywa kulingana na mwanga unaoupata. Penye jua, majani yanatengeneza chakula na kutoa maji hewani kwa kasi, kwa hiyo chungu kinakauka upesi. Penye giza kazi hiyo inapungua sana, maji yanatuama, yanaziba nafasi za hewa kwenye udongo, na mizizi ikikosa hewa inaoza. Tatizo ni kwamba mizizi iliyooza haiwezi kunywa, kwa hiyo majani yananyauka kama yana kiu wakati udongo umelowa chepechepe. Unaona majani yamelegea, unaongeza maji, na hapo ndipo unapolimaliza.

Tangu siku ile sina ratiba ya kumwagilia. Nanyanyua chungu: kikiwa kizito nakirudisha. Nikiwa na shaka nachoma kijiti cha mshikaki mpaka chini, nakiacha dakika chache, nakichomoa. Kikitoka na udongo umeshika, bado. Wakati wa masika, hewa ya Dar ikiwa nzito, chungu kinaweza kukaa mwezi bila kuongezwa tone. Ukimwagilia, mwagilia mpaka maji yatoke chini, na yale yaliyojaa kwenye sahani yamwage. Chungu kisicho na tundu usikitumie, hata kiwe kizuri vipi. Ukikipenda sana, panda kwenye kopo lenye matundu, ulitumbukize ndani yake.

Udongo mweusi unaouzwa kwenye viroba ni mzito mno kwa chumba cha giza. Mimi nachanganya ndoo moja ya udongo huo, ndoo moja ya mchanga mnene, na nusu ndoo ya makumbi ya nazi yaliyochambuliwa na kukatwakatwa. Mchanga wa baharini hapana, una chumvi.

Sasa mwanga. Macho yetu yanatudanganya, kwa sababu yanazoea giza baada ya muda mfupi. Jua la mchana nje linafika takribani laksi 100,000 (laksi ni kipimo cha mwanga), na kwenye kona ya chumba zinaweza kubaki chini ya 100, nawe bado unaona vizuri tu. Kwa hiyo pima. Mchana wa saa sita au saba, zima taa, weka karatasi nyeupe pale unapotaka kuweka ua, inua kiganja juu yake kama sentimita 30. Kivuli kikionyesha vidole kimoja kimoja, hapo pana mwanga mzuri. Kikiwa kama doa la ukungu, panafaa mimea mivumilivu tu. Kivuli kisipoonekana kabisa, usiweke kitu hai hapo bila taa. Juu ya kabati langu, pale nilipoweka krotoni, hakuna kivuli.

Na tafadhali msifuate mambo ya mwelekeo wa dirisha yanayoandikwa Ulaya na Marekani, kwamba dirisha la kusini ndilo lenye jua na la kaskazini ni la kivuli. Kwao ni kweli. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na jua linatupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba. Kuanzia Machi mpaka Oktoba jua la mchana liko kaskazini mwetu. Miezi iliyobaki liko kusini. Maana yake ua linalopendeza dirishani mwezi wa saba linaweza kuungua pale pale mwezi wa kumi na mbili, au kinyume chake. Dirisha la mashariki ndilo ninalolitamani, lina jua la asubuhi lisilochoma.

Mimi dirisha langu linatazama kusini, kwenye matofali ya sementi yasiyopigwa lipu, rangi ya kijivu. Mwaka wa pili nilimwomba mwenye ukuta ruhusa nipake chokaa kile kipande kinachonikabili. Alikubali. Nilipaka mikono miwili, toka chini hadi nilipofikia kwa ngazi. Kesho yake nikapima kwa kiganja: pale dirishani palipokuwa na doa, sasa vidole vinaonekana. Sijafanya jambo lingine lolote lililosaidia maua yangu kuliko lile.

Ua la kuanza nalo ni ZZ, wauzaji wanalijua kwa herufi hizo mbili. Lina majani mazito yanayong'aa kama yamepakwa mafuta, yamepangana pande mbili za kikonyo kinene. Watu wanadhani limetoka ng'ambo. Ni la kwetu: linaota lenyewe katika misitu ya pwani ya Kenya, Tanzania na Zanzibar mpaka Msumbiji na Afrika Kusini. Waholanzi ndio walioanza kulizalisha kwa wingi kwa ajili ya biashara miaka ya 1990, likasambaa maofisini duniani kote. Limezoea kuishi chini ya miti mikubwa na kungoja mvua miezi mingi, kwa hiyo huko chini ya udongo lina viazi vinavyotunza maji. Ndiyo sababu linakufa haraka ukilinywesha sana, viazi vinageuka ute. Langu linapata maji kila wiki ya tatu au ya nne. Ukitaka kulizidisha, chomeka jani dogo moja kwenye mchanga wenye unyevu kidogo, kisha uwe na subira ya miezi. Litatoa kiazi kidogo kabla hujaona chochote juu.

Mkonge mwitu, wenye majani marefu yaliyosimama kama mapanga, unavumilia karibu sawa na ZZ. Mani planti, ile inayotambaa, pia inakwenda, ila ikikosa mwanga madoa yake ya njano yanapotea na vikonyo vinarefuka vitupu. Ikate, vipande vitaota mizizi kwenye glasi ya maji. Majani ya ZZ na mani planti yanawasha mdomo yakitafunwa, kwa hiyo penye mtoto anayetambaa yaweke juu. Waridi, asumini, mshubiri na krotoni yangu ile ni vya nje, msivitese bure.

Yule mama alinipa zawadi ua la Usambara, lile dogo la zambarau lenye majani ya manyoya. Asili yake ni kwenye miamba yenye kivuli na unyevu kwao, milima ya Usambara. Mjerumani aliyekuwa ofisa huko Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka Ujerumani mwaka 1892, na leo linakaa madirishani hata kwenye nchi za theluji. Porini limekuwa adimu, kwa hiyo msiling'oe huko, nunueni lililooteshwa. Linahitaji mwanga zaidi ya ZZ. Nimeliweka chini ya balbu ya LED ya wati 9, nyeupe, sentimita 30 juu yake, saa 12 kwa siku. Kwa mwezi inakula yuniti tatu na ushee za umeme wa LUKU, na ua linachanua. Maji nalinywesha kwa chini: naweka chungu kwenye beseni nusu saa, maana majani yakilowa maji ya baridi yanatoka mabaka.

Kila Jumamosi nafuta majani yote kwa kitambaa chenye unyevu. Vumbi la Kariakoo linakula mwanga mdogo tulio nao, na ndipo ninapoona mapema wadudu weupe kama pamba kwenye vikonyo; nawatoa kwa maji ya sabuni.

Leo mchana mwali wa jua umeanza kushuka mpaka chini ya uchochoro, na chokaa inang'aa hadi ndani. Utakaa siku chache tu, kama kila Oktoba. Nimeshausogeza mkonge mwitu nondoni.