"Coger": Hispania ni kuchukua tu, Argentina ni tusi

Mleta mada, anayeongoza watalii, ameuliza kwa nini wageni wake wa Argentina waliangaliana na kuangua kicheko alipowaambia "cojan las mochilas" (chukueni mabegi), ilhali kitabu alichojifunzia Kihispania kinasema "coger" ni kuchukua. Kitabu hakijakosea. Kinafundisha Kihispania cha Hispania, na huko neno hili ni la kila siku: "coger el autobús" ni kupanda basi, "coger el teléfono" ni kupokea simu. Mtoto analitamka mbele ya bibi yake na hakuna anayeshtuka.

Ukivuka Atlantiki mambo hubadilika. Argentina, Uruguay, Paraguay, Bolivia, Meksiko na Amerika ya Kati, "coger" ni tendo la ndoa, tena kwa lugha chafu, hakuna tafsida. Lakini msidhani ni bara zima. Kolombia na Ekuador watu wanasema "coger el bus" bila wasiwasi, na Wakuba husema "coger la guagua", basi vilevile. (Hiyo "guagua" nayo ina mtego wake: Chile ni mtoto mchanga.) Venezuela na Jamhuri ya Dominika maana zote mbili zipo, mazungumzo yenyewe ndiyo yanayoamua.

Uzito wa kosa unategemea kinachofuata kitenzi. Ukitaja kitu, kama begi au basi, Mwargentina anakuelewa, atacheka yaishe. Ukitaja mtu, hapo huna pa kujitetea. Dereva anayesema "voy a coger a la señora" akimaanisha anakwenda kumchukua mama hotelini ametamka tusi zito. Na kazi ya kuongoza watalii ni kuchukua watu asubuhi hadi jioni, kwa hiyo hatari ipo kila siku. Kubadilisha nyakati hakusaidii: "cojo", "cogí", "cojan" zote ni kitenzi kilekile. Herufi g hugeuka j mbele ya a na o katika maandishi tu, sauti ni ileile.

Tumieni "tomar" na "agarrar". Mabegi: "tomen sus mochilas" au "agarren sus mochilas". Gari likiingia kwenye makorongo: "agárrense bien", yaani shikilieni vizuri. Simu: "contestar" inaeleweka kote, ingawa Waargentina hupenda "atender". Kumfuata mgeni saa 12 asubuhi: kwa Waargentina "paso a buscarlos a las seis", kwa Wameksiko "paso por ustedes a las seis". Zikaririni hizi mbili kama zilivyo.

"Tomar" nayo ina jambo lake. Amerika ya Kilatini, mtu akikuuliza "¿usted toma?" bila kutaja kitu, anauliza kama unakunywa pombe. Usimjibu habari za basi.

Wapo ambao wakishaonywa huogopa hata "recoger", "escoger", "acoger" na "encoger". Msiziogope. "Recoger" ni kuokota au kwenda kumchukua mtu, "escoger" ni kuchagua, "acoger" ni kupokea, "encoger" ni kusinyaa. Zote ni salama kila nchi, na "los recojo a las seis" ni sentensi safi kabisa.

Kundi likiwa mchanganyiko, "tomar" itawafaa wote. Kwa Wahispania inasikika rasmi kidogo, haimuudhi mtu. "Agarrar" kwao ni kushika kwa nguvu, kwa hiyo ibakizeni kwa Walatini, isipokuwa mnapowaambia washikilie vyuma vya gari. Na mama wa Madrid akikuambia "¿me coges la maleta?", mpokee sanduku lake na uendelee na kazi. Hajakutukana wala hakutongozi.