Ukitaka kuwa wakili wa wanyama, shika kwanza sheria za kawaida

Wengi wanaotaka kuwatetea wanyama kisheria huanza kwa kusaka kazi yenye jina hilo hilo, wakiikosa wanakata tamaa. Kazi hizo zipo, ila ni za kuhesabu. Mimi niliingilia mlango wa pembeni, na ndivyo walivyoingia wengi ninaofanya nao kazi: huyu ametokea sheria za mazingira, yule alikuwa mwendesha mashtaka, mwingine aliandika mikataba miaka nenda rudi.

Katika nchi nyingi mnyama bado ni mali ya mtu mbele ya sheria. Ndiyo maana utajikuta unabishania leseni ya machinjio, mpangaji anayefukuzwa kwa sababu ya mbwa wake, au kanuni za kusafirisha mifugo. Najua kinachovutia ni kesi kama ya Happy, tembo wa bustani ya wanyama ya Bronx, New York, ambaye watetezi wake waliomba aachiliwe kwa amri ile ile anayoombewa mtu aliyezuiliwa kinyume cha sheria. Mwaka 2022 mahakama ya juu ya jimbo ilikataa, majaji 5 kwa 2. Kabla ya hapo, mwaka 2016, jaji wa Mendoza, Argentina, alikuwa amekubali ombi la namna hiyo kwa sokwe Cecilia, naye akahamishiwa hifadhi nchini Brazil. Zisome zote mbili, hasa hoja za wale majaji 2 waliobaki upande wa Happy. Riziki usiitegemee huko.

Kilichonifaa kuliko somo lolote ni sheria ya ushahidi. Mnyama hapandi kizimbani; kila kitu atasemewa na daktari wa mifugo, jirani au picha. Ukileta picha ya mbwa aliyekonda isiyo na tarehe wala aliyeipiga, wakili wa upande wa pili anaimaliza kwa maswali mawili. Ripoti ya daktari inayosema tu "amedhoofu" nayo haikufikishi mbali. Lakini ikisema mbwa ana alama 2 kati ya 9 za hali ya mwili (1 ni kukonda kabisa, 9 ni kunenepa kupita kiasi), vipimo havikuonyesha ugonjwa, na alipopewa chakula cha kawaida uzito ukapanda wiki hadi wiki, basi mwenye mbwa akidai kwamba alikuwa anaumwa atapata shida kuaminika. Kwa hiyo jitolee kwenye kituo cha uokoaji au kwa daktari wa mifugo, hata kama kazi yenyewe ni kupanga mafaili. Hayo mafaili ndiyo shule.

Shahada ya uzamili ya fani hii ipo; chuo cha Lewis & Clark, Marekani, ni mojawapo ya vinavyoitoa. Ni nzuri, ila nisingekushauri ukope kwa ajili yake kabla hujaionja kazi. Na kama hukusomea sheria kabisa, wachunguzi na watu wa sera wanahitajika vile vile.

Ukiomba nafasi, usieleze unavyopenda wanyama. Kila mwombaji anawapenda. Ambatanisha kurasa mbili za uchambuzi wa sheria ya ukatili ya nchi yako: nani anaruhusiwa kushtaki, adhabu ni ipi, na mnyama anakaa wapi, kwa gharama ya nani, wakati kesi inaendelea. Hilo la mwisho waombaji wengi hulisahau, na anayekusaili huenda asubuhi hiyo hiyo alikuwa anatafuta pa kuwaweka mbwa waliokamatwa.