Kucha za Mama Mgonjwa

Kwa miaka mingi neno langu jepesi lilikuwa "nitakuombea". Nililisema mlangoni mwa kanisa, msibani, hata kwenye simu. Mara nyingine niliomba kweli, mara nyingine nilisahau kabla sijafika nyumbani.

Kisha mama mmoja mjane tuliyesali naye akapooza upande mmoja. Nilikwenda kumjulia hali na Biblia kwapani, mistari nimeshaichagua. Akanisikiliza, tukaomba, nikasimama kuaga. Akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, nikate kucha za miguu. Zinanasa kwenye shuka, nami naona haya kuwaambia watu."

Nikaketi sakafuni. Kucha zilikuwa ngumu, ikabidi nizilowekeshe kwanza kwenye maji ya uvuguvugu. Mguu uliopooza ulinilemea mkononi kuliko nilivyodhani. Karibu saa nzima sikutamka mstari hata mmoja. Mama alikuwa akilia kimya kimya.

Usiku ule nikarudia Yohana 13, sura niliyodhani naijua. Yesu anajifunga kitambaa na kuwaosha wanafunzi miguu, na Yuda, atakayemsaliti, bado yumo. Anatoka baadaye, akiisha kupewa tonge. Maana yake miguu yake nayo ilioshwa, na aliyeiosha alijua yote. Hapo nilikaa muda mrefu, kwa sababu mimi hupenda kuchagua wa kumtumikia.

Basi ndugu yangu, ukitaka kusema "nitakuombea", omba palepale, halafu uliza: "Leo kinakusumbua nini?" Leo, si kwa jumla. "Nikusaidie nini?" ni swali linalomtwisha mgonjwa kazi ya kukutafutia jibu, naye ataishia kusema hakuna neno. Ukishatumika, nyamaza. Usipige picha, wala usigeuze unyonge wa mtu kuwa ushuhuda wako.

Na zamu yako ya kuhudumiwa ikifika, kubali. Petro alikataa kuoshwa, nami nilipougua nilikuwa vivyo hivyo: nilidai namtumaini Mungu, huku nikiwafungia mlango watu aliowatuma. Kumtumaini kulikuwa kugumu zaidi pale nilipohitaji kuogeshwa kuliko nilipohitaji fedha.

Kwa yule mama bado nakwenda, kila baada ya majuma mawili. Nikimaliza kucha, yeye ndiye anayeomba, na huanza kwa kutaja jina langu.