Laki nane ya usaili na hela iliyoingia benki

Mwezi wangu wa kwanza kazini nusura uniharibikie kwa sababu mimi na meneja wangu tulisikia neno "mshahara", kila mmoja akabeba maana yake.

Ilikuwa 2022, Dar es Salaam, kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Siku ya usaili meneja, mama wa makamo, aliniambia mshahara ni laki nane. Nikashukuru. Nikiwa bado kwenye daladala nikaanza kuigawa: kodi ya chumba, nauli, kidogo cha kumtumia bibi. Mwisho wa mwezi ujumbe wa benki ukaingia: 540,000.

Nilichofanya hapo nakuomba wewe usikifanye. Nilimfuata mhasibu, mbele ya wenzake wawili, nikamuuliza, "Mbona mmekata hela yangu?" Kabla ya chai ya saa nne maneno yalishamfikia meneja, tena yakiwa yameota mkia: mgeni anasema kampuni inamwibia. Siku tatu nikawa naamkia, "Shikamoo mama," naye anajibu "Marahaba" bila kuinua macho kwenye kompyuta.

Dada wa mapokezi ndiye aliyenistua. "Mdogo wangu, nenda mwenyewe. Usingoje kuitwa."

Nilikwenda saa kumi na moja jioni, na wakati huo niliuchagua. Asubuhi meneja ana nyaraka za forodha na simu za wateja wanaolilia makontena yao. Hata kama una haki, utaonekana kero.

Sikuanzia kwenye hela. Nilisema, "Mama, nimekuja kuomba radhi. Nilikwenda kwa mhasibu kabla ya kuja kwako, na nikasema vibaya. Siku ya usaili nilielewa laki nane ni ya mkononi." Lishike hilo neno "nilielewa". Ningesema "uliniambia", angeanza kujitetea, na tungeishia kubishana nani alisema nini.

Akavuta karatasi, akaandika taratibu huku akinionyesha kwa ncha ya kalamu. NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 10: 80,000. Zinabaki 720,000, na hizo ndizo zinazotozwa kodi ya mshahara: 60,000. Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara wa msingi: 120,000. Mkononi 540,000. Akaweka kalamu chini, akasema, "Na mimi nilitakiwa nikueleze siku ile ile. Nilidhani unajua."

Mkopo wa chuo nilikuwa nao, lakini kwenye hesabu za daladala haukuwamo kabisa. Kwa hiyo unapotajiwa mshahara uliza papo hapo: hiyo ni kabla ya makato? Si utovu wa adabu.

Na kuomba radhi hakukufungi mdomo kuhusu haki yako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe maelezo ya maandishi unapoanza kazi, ukiwemo mshahara na jinsi unavyokokotolewa. Mimi sikuwa nimepewa. Nikaomba jioni ile ile: "Mama, naomba pia na maandishi yangu, nisije nikakosea tena." Niliomba kwa upole kwa sababu ya heshima, lakini pia kwa sababu sheria hiyo hiyo haimpi mwenye chini ya miezi 6 kazini kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali. Kama hesabu ingekuwa na kosa kweli, ningekwenda vile vile: kwake kwanza, karatasi mkononi.

Maandishi nilipewa Jumatatu. Siku hiyo nilikuwa na deni jingine, maana niliyemvunjia heshima hasa alikuwa mhasibu. Nilisubiri wale wenzake wawili wafike na kukaa, kisha nikamwomba radhi mbele yao.